Jumapili ya mzungu, na mjomba kwenye maegesho

Nilikuwa Geita wiki nzima kufuatilia habari ya wachimbaji wadogo, habari ambayo mhariri aliikatakata zikabaki aya nne (tuyaache hayo). Leo nataka kusimulia Jumapili moja tu ya safari ile.

Pale Geita nilifahamiana na mzungu mmoja, fundi wa mitambo katika mgodi mmoja wa ukanda ule. Jina nalihifadhi, hajanikosea kitu. Kwa pasipoti ni Mwaustralia, ila nyumbani kwake siku hizi ni Phuket, Thailand, alikooa na kujenga. Anapiga kazi wiki kadhaa mfululizo, anapanda ndege kwenda kwa mkewe, anarudi. Nikamuuliza, sasa huko Phuket mtu asiye na kazi anashindaje? Akacheka. Asubuhi baiskeli, mchana kuvua samaki, jioni kula kando ya bahari, kesho yake wanaanza upya. "Hata hapa najaribu hivyo hivyo, Jumapili moja moja. Njoo uone."

Mimi ni mwandishi wa habari, mtu akiniambia njoo uone siwezi kukataa. Hasa kukiwa na chakula.

Basi bwana, saa kumi na mbili asubuhi Landikruza nyeupe ikanifuata gesti. Kwenye usukani: mjomba wangu!

Nilijua mjomba ni dereva maeneo yale, ila sikujua kwamba ndiye anayemwendesha huyu rafiki yangu mpya. Niwaeleze kidogo. Huyu ni mdogo wake mama. Nilipoanza kidato cha kwanza, baba akiwa ameshafariki, ni yeye aliyelipa ada, akanunua godoro na tranka la bati. Nikafungua mdomo kusema shikamoo, akaniwahi: "Karibu, mwandishi. Funga mkanda."

Mwandishi! Nikaelewa haraka kwamba hataki ijulikane. Magari ya kazi hayabebi ndugu wa dereva, na labda alihofia kuulizwa. Au labda alikuwa ananisitiri mimi. Nikafunga mkanda, nikanyamaza.

Njiani, baada ya Sengerema, mzungu alisimamisha gari mara tatu kuangalia ndege. Ana darubini na daftari, kila ndege anamwandika. Sisi tuliokulia mashambani Shinyanga tunajua ndege wa aina mbili: wa kuliwa, na kwelea kwelea wa kufukuzwa kwenye mtama. Kumbe mjomba anawajua. Alikuwa akitaja jina la Kisukuma, mzungu anamuuliza linavyoandikwa, wanabishana, wanacheka. Mimi msomi wa chuo kikuu nilichomtambua ni furukombe peke yake.

Tukavuka daraja la Kigongo–Busisi. Wenye kumbukumbu mnaijua ile foleni ya kivuko, mahindi ya kuchoma, na ukiwa na mgonjwa ni kuomba Mungu. Tangu Juni 2025 ni kilomita tatu hivi juu ya maji, dakika chache tu umeshavuka.

Mwanza tukakodi mtumwa. Samahani, mtumbwi wa injini! (Vidole vyangu jamani. Nimeliacha hilo kosa makusudi, mcheke.) Tukapita karibu na jiwe la Bismarck, tukaiacha Saanane nyuma, mzungu akatupa ndoano. Baada ya saa nzima akanasa sangara wa kilo kama nne. Akampiga picha, akambusu, akamrudisha ziwani! Mngeuona uso wa mwenye mtumbwi. Alimtazama yule samaki akizama kama mtu anayetazama basi alilolikatia tiketi likiondoka.

Nikamwambia mzungu kwamba sangara naye ni mgeni, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Naye akanijibu kwamba amefika Rubondo, akawaona sokwe ambao babu zao waliletwa miaka ya 1960 kutoka mabustani ya wanyama ya Ulaya. "Basi wageni tuko wengi ziwa hili," akasema. Huwezi kumchukia mtu wa namna hiyo.

Saa tisa tukaingia kula. Hoteli nzuri, meza iko ukingoni mwa maji, vitambaa vyeupe. Tukaagiza, mtaamini? Sangara.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Williamson, yule Mkanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na ndani ya uzio ukaota mji kamili, wenye hospitali, shule, uwanja wa ndege na mahali pa wakubwa kustarehe. Babu yangu mzaa mama alihudumu kwenye baa ya wakubwa hao. Bibi alikuwa akisema babu aliyajua majina ya vinywaji vyote mle ndani, na hakuna kiti hata kimoja alichowahi kukikalia.

Sasa mjukuu wake nimekalia kiti, na kutoka pale mezani nayaona maegesho. Mjomba yuko chini ya mwembe, mlango wa gari wazi, anakula matobolwa kutoka kwenye mfuko wa rambo.

Mzungu akaniuliza: "Dereva wetu amekula? Mimi nikimwita huwa anakataa. Wewe unaongea lugha yake, pengine utamshawishi."

Nikasema: "Ana chakula chake."

Na haukuwa uongo. Ningesimama, ni hatua thelathini tu. Sikusimama. Niliogopa nini sijui; labda mjomba angekataa, labda angekubali. Nikamaliza samaki wangu, tukaongezewa na aiskrimu.

Tulirudi Geita usiku. Mzungu akashushwa kambini kwanza, halafu tukabaki wawili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Samaki alikuwa mtamu?"

"Mtamu."

"Pale wanazidisha ndimu," akasema. Sikuthubutu kumuuliza amejuaje.

Mlangoni pa gesti akanipa ule mfuko wa rambo, ulikuwa bado nusu. "Mpelekee mama yako. Na uandike vizuri, mwandishi."

Kesho yake nikapanda basi la Kahama, nikayatafuna yote kabla ya Tinde. Mama alipouliza kama nimemwona mdogo wake, nikamwambia nimemwona, hajambo kabisa, na Jumapili tulikuwa naye Mwanza, tukala samaki.