Mjomba, madebe, na bendi ya metali isiyokuwa na drams

Najua niliahidi kuendelea na habari za hifadhidata, lakini kwa siku tatu sasa nimekaa na faili moja la sauti na kichwa kinakataa kazi nyingine. Hifadhidata zitasubiri. Leo nawapa kisa cha bendi yetu ya hevi metali. Naam, hevi metali, tena Msambweni! Cheka kwanza, kisha tuendelee.

Anayeijua pwani ya kusini atauliza metali ilitokea wapi huku. (Metali ya kuchimba tulikuwa nayo, Base Titanium walichimba mchanga wetu mpaka Desemba 2024. Lakini siyo hiyo.) Ukiondoa ngoma zetu za asili na nyimbo za harusini, muziki wa kulipwa Kwale ni muziki wa hoteli. Bendi inavaa mashati ya maua, inasimama kando ya bwawa la kuogelea kule Diani, na kila jioni inapiga Jambo Bwana, wimbo alioutunga Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms na kutolewa mwaka 1982. Mjomba wangu alipiga drams katika bendi za namna hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku sita kwa wiki, wimbo ule ule. Hata ukitoa miezi ya mvua ambapo wageni hawapo, hesabu inaingia kwenye maelfu.

Mimi metali niliipata chuo kikuu, kwa mwenzangu wa chumbani aliyetoka Nairobi na flashi iliyojaa Sepultura na Slipknot. Nikanunua gitaa la mtumba lenye nyuzi tano. Ya sita ilikuja baadaye sana.

Kisha Machi 2020 ikaja corona. Vyuo vikafungwa nikiwa mwaka wa tatu, nikarudi nyumbani. Hoteli zikafungwa, mjomba naye akarudi kwa bibi Msambweni. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni kila mtu ndani. Tarehe 8 Aprili ikawa marufuku kuingia wala kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi. Basi tukajikuta katika boma moja: mpiga drams asiye na drams (zile zilikuwa mali ya hoteli, na hoteli ilikuwa na kufuli), mwanafunzi wa kompyuta mwenye gitaa, na binamu yangu aliyekuwa akiita abiria kwenye stendi ya matatu Ukunda. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa mwimbaji. Mtu aliyepiga kelele za "Likoni, Likoni" kwa miaka mitatu ana koo la metali bila kufundishwa na mtu.

Jina la bendi hatukuwahi kukubaliana. Tuligombana juu ya jina muda mrefu kuliko tulivyofanya mazoezi.

Mjomba alijitengenezea drams. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 20, debe la bati, kifuniko cha sufuria kilichoning'inizwa kwa kamba ya katani, na kwa mdundo mzito, pipa la maji la plastiki lililolazwa ubavu. Tulipiga chini ya mwembe, tukinyamaza kila adhana ilipoanza. Siku ya kwanza bibi alitoka jikoni, akamsikiliza binamu akinguruma, akauliza kwa utulivu kabisa, "Hii kayamba ni ya pepo gani, na mgonjwa yuko wapi?" Kwa wasiojua, kayamba kwetu ni chombo, lakini pia ni ile ngoma ya uganga ya usiku kucha. Nadhani hakuna mhakiki wa muziki aliyewahi kutuelewa vizuri zaidi.

Amplifaya hatukuwa nayo, kwa hiyo gitaa lilipitia laptopu yangu. Hapa wapenzi wa kompyuta sogeeni karibu. Ule mkwaruzo wa gitaa la metali ni kitu rahisi mno. Kwa kompyuta sauti ni namba kati ya -1 na 1, namba 44,100 kila sekunde. Zidisha kila namba kwa 50, halafu chochote kinachopita 1 kikate kibaki 1, na kinachoshuka chini ya -1 kibaki -1. Kwisha! Wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo linakatwa kichwa, na sikio linasikia ukali. Ni mistari mitatu ya kodi.

Tatizo lilikuwa ucheleweshaji. Kompyuta haishughuliki na namba moja moja, inazikusanya kwanza kwenye bafa, kama matatu inayosubiri kujaa ndipo iondoke stendi. Laptopu yangu ilikuwa kuukuu, nikipunguza bafa chini ya namba 2,048 sauti inakatika katika. Gawanya 2,048 kwa 44,100, utapata milisekunde 46. Kuingia na kutoka ni 92. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo nikigusa uzi, ni kana kwamba gitaa linalia karibu mita 32 kutoka nilipokaa. Matokeo yake mjomba alinisubiri mimi, mimi nikamsubiri yeye, na kila wimbo ukaishia mwendo wa maziko.

Nikamweleza mjomba hesabu hiyo, nikidhani nitamchosha. Akasema, "Kumbe gitaa lako liko ng'ambo ya bwawa. Basi mimi sitakusikiliza. Wewe tangulia, utanikuta." Miaka ishirini ya kupiga kando ya mabwawa! Na ikafanya kazi. Nilijifunza kugusa uzi kabla ya wakati, na nyimbo zikasimama.

Lakini nilitaka kasi. Metali niliyoipenda ina mapigo ya miguu yasiyo na huruma, na mjomba alikuwa na miaka 47 na pipa la maji. Nikarekodi kila chombo chake, pigo moja moja, nikaandika programu ya Python ya kuyapanga. Mapigo 200 kwa dakika, haichoki, haidai chai. Ilisikika kama cherehani. Nikaongeza namba za bahati nasibu ili kila pigo liteleze kidogo, iwe kama mtu. Mjomba akasikiliza, akacheka: "Huyu amelewa mnazi."

Nikarekodi upigaji wake mwenyewe kwa simu, nikaufungua kwenye Audacity kuupima. Pigo lake la pili lilichelewa takriban milisekunde 15, karibu kila mara, na hapo hapakuwa na bahati nasibu yoyote. Na kabla binamu hajaingia na sauti, mjomba alivuta muda zaidi. Nilipomuuliza alishangaa kwamba nauliza. "Namtazama kifua. Akivuta pumzi nampa nafasi." Mimi kifua cha binamu sikuwa nacho kwenye kodi.

Agosti mwaka huo ikatoka albamu ya Duma, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sisi tulidhani duma yule mnyama mwenye mbio, kumbe ni giza kwa Kikikuyu. Walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliopitia bendi za metali za huko kabla ya kuungana. Khanja alipiga mayowe, Karugu alikuwa na gitaa na mashine, na mpiga drams hakuwepo. Nilisikiliza albamu nzima nikiwa nimesimama. Kisha nikajiambia, kumbe inawezekana, mashine inatosha.

Nilikosea kusoma. Duma waliiacha mashine iwe mashine, ikwaruze, itishe, na ndiyo raha yake. Mimi niliitumia kumwigiza mtu aliyekuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu. Nilichukua wimbo wetu mmoja uliokamilika, nikaondoa upigaji wa mjomba wote, nikaweka programu, nikampelekea yule mwenzangu wa Nairobi. Akajibu, "Drams kali sana, nani huyo?" Mjomba sikumwambia.

Aliusikia wimbo kwa binamu. Akaja, akaomba hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho chini ya mwembe. "Na mimi niko wapi hapo?"

Nikasema, "Ni mapigo yako yote, mjomba. Niliyarekodi." Ambayo kiufundi ni kweli.

Akakunja waya wa hedifoni vizuri, akanirudishia. Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kumfanyia hivyo. Zamani hata urithi ulipita kwake. Hakunigombeza, na wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Hoteli zilipofunguka akaitwa kazini, binamu akarudi stendi, mimi chuoni. Bendi ikaisha hivyo, bila hata ugomvi wa kusimulia. Ili kupata nafasi kwenye diski nilikuwa nimefuta rekodi zake zote.

Ndivyo nilivyodhani. Juzi nilichomoa kadi kwenye simu ya zamani nikakuta moja. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, madebe na gitaa, jogoo, na bibi akiita mtu aje kuteka maji. Jumapili nikampelekea. Mjomba hapigi tena Diani. Hoteli yake ya mwisho ilipunguza bendi, akabaki mtu mmoja na kinanda chenye midundo ndani. Nilitaka kumwomba radhi kwanza, lakini alishanyoosha mkono kuomba hedifoni.

Alisikiliza mguu wake ukigonga sakafu. Dakika ya tatu akainua kidole, akanirudishia nyuma nisikie.

"Hapo," akasema. "Umechelewa wewe."