Mke wa Mwalimu na Begi la Mwalimu

Kwenye ukoo wa mama yangu kuna kauli ambayo kila binti lazima aisikie siku ya kicheni pati yake: "Mke wa mwalimu hufuata begi la mwalimu." Mwalimu mwenyewe ni baba yake bibi yangu, aliyefundisha shule za misheni huko Songea vijijini tangu enzi za Mjerumani. Eti kila alipohamishwa, mkewe alibeba mtoto mgongoni na chungu kichwani, akamfuata bila neno.

Mwaka jana mume wangu alipata uhamisho wa Mbeya. Mimi nina kazi yangu hapa Dar, tena naipenda. Unadhani mama zangu wakubwa walinipigia simu kuniambia nini? Begi!

Basi nikasema, ngoja nimtafute huyo mwalimu.

Mwenzangu, kama ukoo wenu ni wa Kikatoliki, anzia parokiani. Kitabu cha ubatizo kina tarehe, wazazi, kijiji na msimamizi. Tena tangu mwaka 1908 Kanisa linataka ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa jina lake la ubatizo. Ndiyo maana hata leo ukitaka kufunga ndoa unaambiwa ulete cheti kipya cha ubatizo. Ukipata mstari mmoja, unakupeleka kwenye mwingine.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilimsalimu katekista mzee. "Milele amina, mwanangu," akaitikia, akanifungulia kabati. Majina yameandikwa Kilatini, Yohane ni Joannes. Siku mbili nzima nilikula vumbi.

Mwalimu nilimkuta kila mahali. Shule zile za vigango zilikuwa vibanda vya miti na udongo. Mtu huyo huyo alifundisha herufi, hesabu na katekisimu, na Jumapili akaongoza sala. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia (1914–1918), vigango vingi vilibaki mikononi mwa watu kama yeye. Jina lake limejaa kwenye maisha ya wenzake: msimamizi wa ubatizo huu, shahidi wa ndoa ile. Malipo yalikuwa rupia chache kwa Mjerumani, baadaye shilingi chache kwa Mwingereza. Chakula kilitoka shambani, na shamba lilikuwa la mkewe.

Mbele ya jina la mke hakuna kazi iliyoandikwa. Lakini alizaa watoto sita, na kila ubatizo una kijiji chake. Nikachora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa mume, mmoja wa mke. Kwa watoto wanne wa kwanza, kila kitu kinalingana: mwalimu akihama, mtoto anayefuata anabatizwa huko huko alikohamia.

Mtoto wa tano amebatizwa kijiji cha zamani. Wakati huo baba yake tayari ni shahidi wa ndoa za watu kwenye kigango kipya, mbali kabisa. Na si wiki moja. Karibu mwaka mzima yeye anatajwa kule, mkewe anasimamia ubatizo wa watoto wa majirani huku. Mtoto wa sita, yaani bibi yangu, ndiye anayebatizwa kule kipya.

Nikakumbuka alivyokuwa akisema Bibi enzi za uhai wake: mama yake hakuwahi kuwaachia nguruwe pori mahindi yake. Jamani, sisi tulidhani ni stori za kilimo tu!

Nilimwonyesha mume wangu ile karatasi. Akaitazama kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mahindi yako wewe yanakomaa lini?"

"Juni," nikamjibu. Mkataba wangu unaisha Juni.

Tukakaa chini na kalamu: kodi mbili, ada ya mtoto, nauli za basi. Ametangulia. Sikudanganyi, si rahisi. Mtoto anamuulizia baba yake kila jioni, na simu haikumbatii mtu. Lakini tulipanga wawili, hakuna aliyeburuzwa.

Na wewe, ukiambiwa "bibi zetu walikuwa wanafuata tu," uliza kwa heshima: bibi yupi, kijiji gani, mwaka gani? Kisha nenda kaombe kitabu.