Shule Isiyo na Madawati

Mwalimu hupenda kusikia habari za shule po pote zilipo. Lakini shule nitakazozitaja leo, wasomaji wapenzi, hazina ubao wala madawati. Ni shule za samba, nazo ziko katika mji wa Rio de Janeiro, nchi ya Brazili. Yasemwa ya kuwa Deixa Falar, iliyoanzishwa mwaka 1928 katika mtaa wa Estácio, iliitwa shule kwa sababu jirani yake palikuwa na chuo cha waalimu. Wapiga ngoma wakasema kwamba wao nao ni waalimu, maana wanafundisha samba.

Wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Angola, Kongo na hata Msumbiji, wakalimishwa miwa na kahawa. Utumwa haukukomeshwa Brazili mpaka mwaka 1888, na waliowekwa huru hawakupewa shamba wala nyumba. Wengi walikwenda Rio, wakajenga vibanda vilimani. Mali waliyokuwa nayo ni ngoma na nyimbo zao, na hata hizo zilidharauliwa. Mara nyingi polisi waliwasumbua wapigaji. Ndipo akina mama waliotoka Bahia, kama Tia Ciata aliyefariki mwaka 1924, walipofungua milango yao. Watu wakala, wakaimba, wakajuana, na wageni wakawa ndugu. Hata leo, katika maandamano ya Kanivali, sikukuu inayotangulia Kwaresima, kila shule kubwa ina kundi la akina mama waliovaa nguo pana za duara, kuwa heshima kwa akina mama wale wa kwanza.

Na mapenzi je? Cartola, mmoja wa waanzilishi wa shule ya Mangueira, alifiwa na mkewe, akahama kilimani, akasahauliwa kabisa. Dona Zica, mjane wa huko huko, alimtafuta akamrudisha nyumbani. Cartola akaishi kwa kazi ndogo ndogo, hata kuosha motokaa. Mwaka 1963 walifungua nyumba ya chakula mjini, wakaiita Zicartola kwa kuunganisha majina yao. Mke akapika, mume akaimba. Mwaka 1964 wakafunga ndoa. Mwaka 1974, umri wake umekwisha pita miaka 60, ndipo alipotoa santuri kubwa ya kwanza iliyo yake mwenyewe.

Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa. Watu wale walitiwa utumwani kweli, lakini asili hawakuiacha. Darasani mwangu wamo watoto wanaoona haya bibi zao wakiimba nyimbo za mavuno, na haya hiyo yanisikitisha kuliko hesabu walizokosa. Basi kila Ijumaa alasiri bibi mmoja wa kijijini huja kutufundisha nyimbo hizo, nami hukaa pamoja na wanafunzi, nikaitikia. Waalimu wenzangu, waiteni wazee wenu nao, kabla sauti zao hazijanyamaza.