Kualika kwa Karatasi, Kualika kwa Miguu: Kutoka Barabara ya Biashara hadi Ndia Kuu

Barabara ya Digo ndiyo inayoigawa Mombasa ya biashara na Mombasa ya makazi ya kale. Magharibi yake yako maduka ya vitambaa, benki na msongamano wa magari. Mashariki yake, nyuma ya soko la Markiti, huanza Mji wa Kale na vichochoro vyake vyembamba, ambako nyumba zimekaribiana hata mwenye kupika pilau huwa amekwisha kuutangazia mtaa. Anayeandaa harusi huivuka barabara hii mara nyingi: huenda upande mmoja kununua, hurudi upande wa pili kualika. Na ni katika kuvuka huko ndipo mtu hugundua kwamba kununua kadi na kualika watu ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba gharama yake si moja.

Ramadhani ikishakwisha na Mfungo Mosi ukaingia, harusi hufuatana wiki kwa wiki. Ni katika siku hizo nilipofuatana na jirani yangu, mama wa mabinti watatu, ambaye binti yake wa kwanza alikuwa ameposwa. Nyumba yao hutegemea mshahara mmoja. Katika mkoba wake alikuwa na orodha ya majina 410, na bahasha moja ya fedha ambayo ndani yake zimo za kadi na za mchele pamoja. Kila shilingi ambayo ingezidi kwenye karatasi ingepungua kwenye sufuria. Wadogo zake wa kike walimshauri akope kidogo, “maana kadi ndiyo sura ya harusi.” Yeye alikuwa bado hajawajibu.

Barabara ya Biashara hupendeza asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Leso zimetundikwa milangoni mfano wa bendera, jozi juu ya jozi. Humo ndimo lilimo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka wa 1887, ambalo leso zake za “Mali ya Abdulla” zinajulikana pwani nzima. Mafundi cherehani wameketi vibarazani wakipinda leso za wateja. Katikati ya maduka hayo yamo yanayouza mahitaji ya harusi: mapazia ya jukwaa, maua ya plastiki, vyetezo, masinia ya kupelekea mahari, na kadi.

“Assalaamu alaykum, mamangu. Karibuni, kaeni kitako,” alisema kijana mwenye duka la kwanza tuliloingia.

“Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Twatafuta kadi za harusi.”

Akatutolea zile zitakiwazo zaidi sasa: kadi zilizomo ndani ya visanduku vya mahameli, zenye utepe wa hariri na lulu za bandia, nyingine zimekunjwa mfano wa mlango wa Kiswahili ambao mtu huufungua ndipo akaona majina. Zilikuwa nzuri, hapana shaka. Jirani yangu aliuliza bei ya moja, akaizidisha kwa idadi ya orodha yake, kisha akaiweka kadi mezani polepole, kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Jumla ile iliipita bei ya mchele na samli ya karamu yake. Kijana, kwa adabu, hakusema neno. Tukamshukuru, tukatoka.

Jawabu tulilipata katika kibanda cha kupiga chapa, chumba kimoja chenye mashine mbili na feni inayolalamika. Mwenyewe ni mzee wa makamo. Aliipokea orodha, akaisoma ukurasa wa kwanza, akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza.

“Mamangu, hawa ni watu au ni nyumba?”

“Ni watu, baba.”

“Basi tuwahesabu kwa nyumba kwanza, ndipo tuseme habari ya karatasi.”

Waliketi kwa nusu saa na kalamu. Mama, binti zake watatu na mkaza mwanawe walikuwa majina matano. Sasa wakawa nyumba moja. Majina 410 yakawa nyumba 160. Hapo tayari zaidi ya nusu ya gharama ilikuwa imeondoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyeachwa. Kadi huandikwa “Bi fulani na nyumba yake”, na pale ambapo ukumbi una viti vya kuhesabika, huongezwa idadi ya watu ili mwaliko usiwe na utata mlangoni.

Kisha akatueleza habari ya karatasi, na ni vyema maelezo haya yakaenea kwa kila mama mwenye harusi mbele yake. Karatasi ya ukubwa wa A4 ikikatwa mara mbili, hutoa kadi nne za A6, yaani milimita 105 kwa 148, na kadi ya kipimo hicho huingia sawasawa katika bahasha ya C6 ipatikanayo kwenye maduka ya vifaa vya shule na ofisi. Kwa hiyo kadi 160 ni karatasi ngumu 40 tu. Anayechagua umbo la mraba au la duara hulipa mara mbili: hulipia vipande vinavyotupwa, tena hulipia bahasha ya kutengenezwa makusudi. Rangi moja ya wino, kahawia au kijani iliyokolea, juu ya karatasi yenye rangi ya maziwa, hupendeza kuliko rangi nyingi juu ya karatasi hafifu. Na mwenye kadi chache hana haja ya ile mashine kubwa inayotumia bamba, kwa kuwa gharama ya kuliandaa bamba ni ile ile kwa kadi 50 na kwa kadi 1,000. Zichapwe kwa mashine ya kompyuta, zikatwe kwa kisu cha dukani. Kukunja, kutia bahashani na kuandika majina ni kazi ya mabinti wa nyumbani kwa alasiri moja.

Mzee yule alisisitiza jambo jingine: maneno. Aliwahi kuona harusi ikipata taabu kwa sababu ya saa. Kadi iliandikwa kwa Kiingereza saa 4, na bibi wa makamo akasomewa na mjukuu kuwa ni saa nne. Asubuhi akawa amekwisha kufika, amejifukiza udi, na ukumbi umefungwa. Kwa hiyo iandikwe “saa kumi alasiri” kwa maneno kamili. Na usiku nao una hesabu yake. Kwa wazee wetu, usiku hutangulia mchana wake, kwa hivyo “usiku wa Ijumaa” ni ule wa siku ya Alhamisi baada ya Magharibi. Kwa vijana wengi ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Aandikaye “Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa”, pamoja na tarehe ya Kiislamu na ya kawaida, humwokoa mgeni wake asifike wakati mazulia yanakunjwa. Masharti ya ukumbi wa wanawake nayo yawekwe wazi: simu za kupiga picha haziruhusiwi, ili waliovua buibui zao wapate amani.

Lililobaki lilikuwa Aya. Kadi nyingi tulizoonyeshwa zilikuwa na Aya ya 21 ya Suratu Rrum, inayotaja wake, utulivu, mapenzi na huruma. Jirani yangu aliipenda. Lakini alikumbuka mahali ziendapo kadi harusi inapokwisha: hukaa juu ya kabati mwezi mmoja, kisha huenda na taka, na taka za Mombasa sote twazijua zilivyo. Maulamaa wengi wametahadharisha juu ya kuyaandika maneno ya Mwenyezi Mungu kwenye karatasi ambazo mwisho wake ni jaani. Akaamua Aya ile isomwe kwenye nikahi, na kadi ibakie na majina, mahali na wakati. Uamuzi ule ulitokana na heshima, na kwa bahati ukapunguza na maandishi pia.

Kutoka hapo tuliivuka Barabara ya Digo, tukapita kandoni mwa Markiti kwenye harufu ya iliki na bizari, tukashuka Langoni kuingia Mji wa Kale. Huku ndiko orodha ilikopungua tena. Nyumba 100 katika zile 160 zilikuwa za Kibokoni, Kuze na mitaa inayopakana nayo, mahali ambapo kupeleka kadi ni karibu na kumpa mtu barua mkiwa mmeketi baraza moja. Mwaliko wa mitaa hii kwa asili ni wa mdomo. Wanawake wawili au watatu wa ukoo hutumwa nyumba kwa nyumba, na anayetumwa ni mtu mzima, mwenye kuujua uzito wa neno alilolichukua.

Kwa bahati siku hiyo tuliwakuta waliotumwa na harusi nyingine. Bibi mmoja alisimama mlangoni akapiga hodi, akaitikiwa kutoka juu dirishani. Akatoa salamu, akauliza hali ya mgonjwa wa nyumba ile, ndipo akasema, “Nimetumwa na mamake bi harusi. Mwakaribishwa nyote Jumamosi alasiri, wakubwa na wadogo, na yeye asema msipokuja moyo wake hautatulia.” Mwenye nyumba akateremka, akamtilia maji ya ndimu. Pale mlangoni mwaliko ulipokelewa, ukajibiwa, na habari ya mgonjwa ikapata kurudi kwa aliyetuma. Sijui kisanduku cha mahameli kinachoweza kufanya kazi hizo tatu.

Kwa wanaume mambo ni mepesi zaidi. Nikahi hutangazwa msikitini baada ya Swala, na jamaa yote iliyosimama safu huwa imealikwa. Tukielekea Ndia Kuu, tuliupita Msikiti wa Mandhry, ambao kujengwa kwake hutajwa kuwa ni mwaka wa 1570. Mtu hujiuliza ni nikahi ngapi zimetangazwa ndani ya kuta zile bila ya kipande cha karatasi, na kahawa na haluwa zikatosha.

Dini yetu nayo haikuweka fahari katika jambo hili. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Abdurrahman bin Auf, Sahaba mkubwa na tajiri, alioa Madina bila ya Mtume (s.a.w.) kuwa na habari, hadi alipomwona na alama ya zafarani. Mtume hakumlaumu kwa kutoalikwa. Alimwombea baraka, akamtaka afanye walima ingawa kwa mbuzi mmoja. Walima wa Bibi Safiyya ulikuwa wa tende, jibini kavu na samli, na watu waliitwa wakaja. Lililokemewa ni jingine: chakula kibaya kabisa ni kile cha walima unaoalikiwa matajiri na kuachwa masikini. Basi kadi ya gharama ina hatari hii iliyojificha, kwamba mwenye nayo huanza kuzihesabu kwa uchoyo, na wa kwanza kukatwa jina ni yule mjane wa kichochoroni asiye na cha kutunza.

Tulipofika mwisho wa Ndia Kuu, ukuta wa Ngome ya Yesu ukiwa mbele yetu, jirani yangu aliketi kivulini akaigawa orodha yake upya. Nyumba 100 zingealikwa kwa miguu. Kadi zingechapwa 60 tu, kwa ajili ya wakwe, wazee wa heshima, na jamaa wa Likoni, Malindi na Lamu, ambao kwao karatasi ni ushahidi wa kukumbukwa. Hizo ni karatasi ngumu 15, na tatu za akiba kwa makosa ya mwandiko. Walioko Maskati, Dubai na London wangepelekewa picha ya kadi kwa simu, mmoja mmoja na kwa salamu ya sauti. Kwenye makundi picha hiyo isitiwe, kwa sababu kadi ikishasambaa, jina la binti, nambari ya simu na ramani ya nyumba huwafikia watu wasiojulikana.

Wadogo zake walinung’unika kidogo walipoiona kadi: karatasi ya rangi ya maziwa, wino wa kahawia, bahasha ya kawaida. Binti mwenyewe alipendekeza kila bahasha ya wakwe ifungwe na kikuba kidogo cha asumini na mrehani kutoka Markiti asubuhi ya kupelekwa. Kikawa ndicho kilichosemwa. Mchele ulitosha, deni halikuwako, na yule mjane wa kichochoroni alikula kwenye sinia moja na mama wa bwana harusi.

Enyi mama mlio na harusi mbele yenu, anzeni kwa kalamu kabla ya kuingia madukani. Hesabuni nyumba, watengeni wa karibu na wa mbali, mkaulize bei mkiwa mnaijua idadi. Kisha muwatafute wale bibi wawili wanaojua kupiga hodi kwa heshima, muwape salamu zenu wazipeleke. Mwenyezi Mungu awabariki maharusi wetu, awakutanishe katika kheri, na azijaalie harusi zetu kuwa nyepesi kwa wenye nazo na zenye nafasi kwa kila jirani. Amin.