Ndege Itelezayo na Shimo la Ngoro

Kila mtu hapa Mpepai amekwisha kumwona mwewe wakati wa kiangazi, nyasi zinapochomwa. Huzunguka juu bila kupiga bawa, naye azidi kupanda. Watoto shuleni huuliza: Ni nini kimchukuacho? Jibu ni hili: nchi ikipata moto, hewa iliyo juu yake hupata moto pia, ikawa nyepesi na kupanda, na mwewe hupanda nayo, kama abiria chomboni.

Wanadamu nao wamejifunza hila hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu Mwingereza, Colin Pennycuick, aliwafuata tumbusi na korongo juu ya Serengeti, katika nchi yetu hii hii, akirusha ndege ndogo ya mbao yenye kiti kimoja na mtambo mdogo. Alipanda kwa mtambo. Akiisha kupata hewa ipandayo aliuzima, akazunguka pamoja nao. Hivyo alionyesha jinsi tumbusi awezavyo kusafiri kilometa 100 na zaidi kutafuta mzoga, nguvu zake zisiishe.

Miaka michache baadaye Wajerumani waliunda ndege ya jamii hiyo kwa ajili ya safari, yenye viti viwili bega kwa bega. Jina lake ni Grob G109, nayo ilipaa mara ya kwanza mwaka 1980. Mwili wake ni faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizofumwa kama kitambaa, zikaloweshwa gundi na kulazwa katika kalibu. Gundi ikiisha kuwa ngumu, bawa latoka laini, lisilo na kichwa cha msumari cha kuisumbua hewa. Ndege za namna hii hupakwa rangi nyeupe, maana joto la jua kali laweza kuilegeza gundi.

Sasa angalieni shauri la mwundaji. Ndege ya kuteleza yataka mabawa marefu na mzigo mwepesi. Ndege ya safari yataka mtambo, mafuta na watu wawili. Haja hizi zagombana. Basi ile G109B, iliyofuata ya kwanza, ilipewa mabawa ya meta 17.4 toka ncha hata ncha, na panga la mbele liwezalo kugeuzwa ubavu mtambo ukizimwa, lisizuie upepo. Kutoka meta 1000 juu, hewa ikiwa tulivu, huteleza kilometa 28 hivi. Ziko ndege za kuteleza zipitazo kilometa 40. Lakini nyingi katika hizo haziwezi kuondoka chini pasipo kuvutwa. Hii huondoka yenyewe. Imepoteza kidogo, imepata kingi.

Mwezi uliopita mzazi mmoja alikuja kumtoa mwanawe shuleni. Akasema, "Mwalimu, wewe wamfundisha habari za ndege, na kahawa yangu imejaa majani. Mambo hayo yatamfaa nini?" Nikamjibu, "Baba, twende sote kwenye ngoro zako."

Tulipofika, nilimwomba kijana aeleze sababu ya kila kitu. Akasema: Nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa miraba, zikafukiwa udongo, mazao hupandwa juu ya matuta, na shimo la katikati hushika maji ya mvua. Nikamwuliza, "Shimo halili nafasi ya mahindi?" Akajibu, "Lala, Mwalimu. Lakini pasipo shimo udongo wote ungeteremka mtoni."

Nikamwambia babaye, "Huyo amesema neno lile lile la mwundaji wa ndege. Wazee wa Umatengo walipima haja mbili zigombanazo, wakapata shauri. Shuleni twamfundisha kupima hivyo kwa hesabu, ili akikuta jambo jipya asishindwe."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya. Siku tano ni zako, Mwalimu. Jumamosi ni ya kahawa." Nami nilikuwa nimezoea kuwafundisha wanafunzi wangu hesabu siku ya Jumamosi asubuhi, lakini niliona ni heri nipoteze siku moja kuliko kumpoteza kijana, nikakubali.

Ninyi wazazi, mtoto akiuliza sababu ya mwewe au ya shimo, msimkemee. Mjibuni, au mleteni shuleni tutafute jibu pamoja; maana aulizaye sababu leo, kesho ataweza kuunda.