Kadi nne, swichi pepe moja

Leo tunaacha kidogo lugha za programu na kuingia chumba cha seva. Najua mimi ni mtu wa kuandika programu, na mambo ya nyaya huwa naambiwa niwaachie mafundi wa mtandao. Lakini katika ofisi zetu ndogo ndogo, aliyeandika programu ndiye hupigiwa simu seva ikipotea, na ndiye huulizwa kwa nini. Kwa hivyo nimejifunza. Na nataka tuzungumze juu ya kuunganisha kadi kadhaa za mtandao kwenye swichi pepe moja, kwa sababu naona watu wanauziwa jambo hili kwa sababu isiyo yake.

Kwa wale wasiojua: seva moja ya siku hizi hubeba tarakilishi kadhaa ndani yake, nazo huitwa mashine pepe. Moja ina hifadhidata, nyingine ina programu ya malipo, nyingine inatunza faili. Zote zinahitaji mtandao lakini hazina tundu la kuchomeka waya. Hapo ndipo inapokuja swichi pepe. Ni swichi ya programu tu, haina boksi wala taa, inakaa ndani ya seva na kuziunganisha mashine hizo zenyewe kwa zenyewe, kisha kuzitoa nje kupitia kadi halisi. Kadi hiyo ikiwa moja, mashine zote zinaning'inia kwenye waya mmoja.

Niliona maana ya waya mmoja kwenye chama kimoja cha ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambacho sitakitaja. Siku ya malipo panya alitafuna waya nyuma ya kabati. Seva ilikuwa nzima, hifadhidata nzima, pesa zipo, lakini hakuna dirisha lililoweza kuona salio la mtu. Wanachama walikaa foleni mpaka alasiri, na wengine wakarudi makwao mikono mitupu. Karo ya shule haingoji fundi atafute waya.

Baada ya siku hiyo halmashauri ikakubali kutoa pesa. Muuzaji akawaambia wanunue kadi nne za gigabiti 1, wapate gigabiti 4. Nilipofungua boksi, "kadi nne" zilikuwa kadi moja yenye matundu manne. Sasa fikiria: kadi hiyo ikiungua, matundu yote manne yanakufa pamoja, na umerudi kwa panya. Niliwaomba waibadilishe kwa kadi mbili zenye matundu mawili mawili, za aina moja kabisa. Tundu lililokuja na seva yenyewe nililiacha nje ya timu, maana Microsoft inataka kadi za timu zifanane, kuanzia modeli mpaka programu endeshi yake.

Hapo tulikuwa tunatumia Hyper-V, kwa hivyo nitaongea juu ya hiyo. Zamani, kabla ya Windows Server 2012, kuunganisha kadi ilikuwa kazi ya programu ya aliyetengeneza kadi, na kila mmoja alikuwa na vituko vyake. Toleo la 2012 likaleta timu ya kadi ndani ya Windows yenyewe, inayoitwa LBFO. Toleo la 2016 likaleta njia nyingine, SET, ambapo timu inaundwa ndani ya swichi pepe na inaweza kubeba kadi mpaka 8. Kuanzia toleo la 2022, ukijaribu kuweka swichi pepe juu ya timu ya LBFO unakataliwa, isipokuwa uilazimishe kwa amri maalum. Usiilazimishe. Maelezo mengi utakayoyapata mtandaoni bado ni ya ile njia ya zamani, kwa hivyo angalia mwaka kabla ya kunakili amri za mtu.

Kwenye dirisha la Hyper-V Manager utachagua kadi moja tu, hakuna pa kuchagua ya pili. Twende PowerShell. Kwanza zipe kadi majina yanayoeleweka, kwa sababu "Ethernet 3" haitakusaidia kitu usiku wa manane. Mimi huandika majina hayohayo kwenye kibandiko na kukibandika kwenye waya. Kisha:

New-VMSwitch -Name "Nje" -NetAdapterName "A1","A2","B1","B2" -EnableEmbeddedTeaming $true -AllowManagementOS $true

Set-VMSwitchTeam -Name "Nje" -LoadBalancingAlgorithm HyperVPort

Get-VMSwitchTeam -Name "Nje"

Amri ya kwanza inaunda swichi pamoja na timu, ya pili inasema kazi igawanywe vipi, ya tatu inakuonyesha ulichopata. Fanya haya ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe, si ukiwa nyumbani. Swichi inapoundwa, anwani ya seva inahama kutoka kwenye kadi halisi kwenda kwenye kadi pepe, na muunganisho unakatika kidogo. Ukikosea jina la kadi, unaweza kubaki nje ya mlango huku ufunguo uko ndani. Tena ujue kuwa swichi pepe iliyoundwa bila timu haigeuzwi kuwa ya timu baadaye. Inabidi uifute uanze upya. Kwa hivyo hata kama leo una kadi moja, iunde na timu ya kadi moja, uongeze nyingine ukipata pesa.

Tulipomaliza, meneja alipima mwenyewe. Alinakili faili la akiba la gigabaiti 100 kutoka kwenye mashine ya hifadhidata, akashika saa. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125, kwa hivyo gigabaiti 100 ni sekunde 800, yaani dakika 13 na ushei hata kama hakuna kinachokawia njiani. Akapata dakika zilezile za zamani.

"Kijana, tumelipia nne. Mbona ni kama moja?"

"Mzee, lori moja la maziwa likiingia Thika Road halipasuki vipande vinne ili litumie njia zote nne. Linachukua moja."

Ndivyo HyperVPort inavyofanya kazi. Kila mashine pepe inapewa kadi moja, inatoka na kuingia kwa hiyo. Ukiwa na mashine tatu na kadi nne, kila moja inaweza kuwa na yake na hakuna anayemsukuma mwenzake, lakini hakuna inayopita gigabiti 1. Faida nyingine ni kwamba kadi ikifa, mashine iliyokuwa juu yake inahamishiwa nyingine bila mtu kuguswa begani. Kuna njia ya kupata kasi ya kweli katika kunakili faili: unaipa seva yenyewe kadi pepe mbili, kila moja unaifunga kwenye kadi yake halisi, na itifaki ya SMB ya kuanzia 2012 inagawanya kazi kwa zote. Lakini upande wa pili nao lazima uwe na njia pana, na kisanduku chao cha akiba kilikuwa na tundu moja. Niliacha.

Meneja hakufurahi. "Basi tumeuziwa nini?" Nikamwambia wameuziwa siku ya malipo ambayo waya ukikatika hakuna anayejua. Akaguna tu. Sikumlaumu, maana yeye ndiye aliyesimama mbele ya wanachama akaahidi gigabiti nne.

Lakini kwa kweli hata hiyo ya panya ilikuwa nusu tu, kwa sababu nyaya zote nne ziliingia kwenye swichi moja halisi, na swichi hiyo ilichomekwa kwenye UPS moja. Nadhani hapa ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoishia. Nikaandika barua kwa halmashauri kuomba swichi ya pili. Haihitaji kuwa ya bei kali, kwa sababu SET haiombi msaada wowote kutoka kwa swichi halisi. Tena fundi akija na kufunga matundu hayo pamoja kwa LACP, akidhani anasaidia, ataharibu.

Tukijaribu swichi ya kwanza, ambayo ni ile ya kuwekewa mipangilio, tuliona jambo. Waya ulipong'olewa hakuna kilichosikika. Uliporudishwa, mashine moja ilinyamaza nusu dakika nzima! Sababu ni Spanning Tree, ulinzi wa swichi dhidi ya mzunguko. Tundu likiamka, swichi inalisikiliza sekunde 15, inajifunza sekunde nyingine 15, ndipo inalifungua. Timu yenyewe inaona taa imewaka, inaipa kadi kazi mara moja, na kazi hiyo inamwagika kwenye mlango uliofungwa. Dawa ni kuiambia swichi kwamba upande huu kuna seva, ifungue papo hapo. Cisco huita mpangilio huo PortFast. Swichi pepe haipitishi pakiti kutoka kadi moja kwenda nyingine, kwa hiyo mzunguko hautatokea huko.

Halmashauri ilikubali swichi ya pili baada ya vikao viwili. A1 na B1 zikaenda swichi ya kwanza, A2 na B2 ya pili, kila swichi na UPS yake, na waya mmoja kati ya swichi hizo. Kisha tukagawanya tarakilishi za madirisha, la kwanza na la tatu huku, la pili na la nne kule. Hili watu husahau. Seva ikibaki hai huku madirisha yote yamekufa, foleni haitaona tofauti.

Jumamosi moja nilichomoa umeme wa swichi ya kwanza wakati mama mhasibu anaingiza malipo ya majaribio kwenye dirisha la pili. Dirisha la kwanza na la tatu yalikatika, kama tulivyojua. Kwenye tarakilishi yangu, iliyokuwa upande wa swichi ya pili, hifadhidata ilikosa kujibu mara mbili, kisha ikaendelea. Nikamwuliza mama kama ameona kitu.

"Kwani umeshaanza?"

Ruta ya intaneti bado ni moja. Hiyo ndiyo barua ninayoandika sasa.