Voi: Ndovu na Siri ya Akina Mama



Wiki iliyopita tuliwasindikiza akina mama wa madrasa yetu kutoka Mombasa hadi Voi, watembee na wasomeshwe afya. Asubuhi tuliingia mbuga ya Tsavo Mashariki, iliyotengwa mwaka 1948. Ndovu walikuwa wekundu kwa udongo wa huko. Kundi huongozwa na jike mkongwe. Jike hubeba mimba takriban miezi 22, na anapozaa wenziwe humzunguka.

Baada ya Adhuhuri, muuguzi wa kike alizungumza nao kivulini juu ya saratani ya mlango wa kizazi. Husababishwa na virusi na hukua polepole. Ikigunduliwa mapema hutibika. Tangu 2019 mabinti wa Kenya huchanjwa, kuanzia miaka 10. Nami nilikaa mbali kwa staha.

Tulipokuwa tukirudi, mama mmoja alimweleza mke wangu jambo, nami nalitaja kwa idhini yake. Tangu Ramadhani damu haijamkoma. Amekuwa akitawadha kwa kila swala, kama nilivyomfundisha katika mlango wa istihadha, na mumewe hajui.

Nilijilaumu. Miaka mingi nimesomesha hukumu ya damu ile, wala sikuwahi kuongeza: nenda hospitali. Haya ni katika imani, lakini kuficha maradhi si haya.

Waume, waulizeni wake zenu kwa upole, na muwape nauli. Mama yule amekwisha pimwa, majibu bado. Mwombeeni.